Picha Nzuri, Hadithi Nyonge



Jumapili moja, baada ya Misa, mama mmoja wa mtaa wetu wa Kimanga, hapa Uvira, alinisimamisha mbele ya kanisa. Hakuniamkia kwa maneno mengi kama ilivyo desturi yake. Alisema, "Mwalimu, mwanangu asema kwamba mtu aliyewafungua babu zetu minyororo ni Mzungu mmoja aliyelelewa na masokwe, jina lake Tarzan. Asema ameyaona kwa macho yake. Wewe wafundisha historia, nimjibuje?"

Nilitaka kucheka. Nikautazama uso wake, nikaacha. Mara moja nilitambua kijana ameona nini, maana hata mimi nimeiona picha hiyo, tena nilikaa mpaka mwisho, tena, sharti niseme kweli, nilikaa kwa furaha.

Picha yenyewe yaitwa The Legend of Tarzan. Ilitoka Marekani mwaka 2016. Aliyeiongoza ni Mwingereza David Yates, na gharama yake ilikuwa dola milioni 180 hivi. Kwetu ilifika kama zifikavyo picha zote, ndani ya diski za bei nafuu, kisha ndani ya simu za vijana. Mimi niliiona Kalundu, katika kibanda kimoja cha video karibu na bandari, kabla maji ya ziwa hayajapanda na kuingia katika nyumba za upande ule. Tulikaa juu ya mabenchi ya mbao, jenereta ikinguruma nje, na mbele alisimama kijana mfasiri, kipaza sauti mkononi, akitugeuzia maneno yote kwa Kiswahili.

Kwanza niisifu, maana si haki kumlaumu fundi kabla ya kumpa sifa yake. Ukungu wapanda juu ya msitu alfajiri, na vilele vya miti vyaonekana kama bahari ya majani isiyo na ng'ambo. Usiku simba watoka gizani, nawe wakaza mikono kwenye benchi. Kumbe wamjua yule mtu tangu utoto wake, wamsugua vichwa kama paka wa nyumbani. Baadaye Tarzan ajitupa kutoka katika mwamba, ashika ukamba wa mti, apita hewani juu ya bonde, na kushuka juu ya gari moshi linalokwenda mbio. Kibanda kizima kilipiga kelele. Mzee aliyekaa karibu nami, mvuvi wa miaka mingi, alilivua kofia lake kana kwamba yumo mbele ya mtu mkubwa.

Wanafunzi watapenda kujua jinsi mambo haya yanavyofanyika. Sinema ni picha zisizotembea, 24 kwa kila sekunde, zapita mbele ya jicho upesi hata jicho ladanganyika na kuona mwendo. Wale masokwe, simba na mamba hawakupigwa picha mwituni. Walichorwa kwa kompyuta, na mafundi walishughulikia manyoya yao, matope ya miguuni mwao, na hata pumzi zao. Msitu nao ulijengwa ndani ya majumba ya sinema ya Leavesden, karibu na London. Mandhari yale ya milima na mito yaliyoonekana kutoka juu yalipigwa nchini Gabon. Basi Kongo ile iliyotufanya tuvue kofia ni Uingereza na Gabon na kompyuta, na waigizaji hawakulazimika kukanyaga ardhi yetu. Hayo si dhambi. Fundi wa meza haulizwi mti ulikatwa wapi.

Lakini hadithi? Hapo ndipo meza inapoyumba.

Mwaka ni 1890. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji amekwisha kupata nchi yetu kwa mapatano ya Berlin, naye ana madeni. Amtuma ofisa wake, Léon Rom, atafute almasi za mji wa Opar. Mtemi wa huko, Mbonga, amwambia Rom: Niletee Tarzan, nami nitakupa almasi. Wakati huo Tarzan yuko Uingereza, ni bwana mkubwa mwenye jumba, jina lake John Clayton. Ashawishiwa kurudi Kongo pamoja na mkewe Jane, na Mmarekani mmoja mweusi, George Washington Williams, afuatana nao. Rom amteka Jane. Toka hapo picha yote ni mume kumfuata mkewe. Apigana na sokwe, apigana na Mbonga, apigana na Rom. Mwishoni Rom aliwa na mamba, merikebu yapasuka kwa moto, askari wa kukodiwa wanaokuja kwa merikebu wageuza njia, na mambo yamekwisha.

Bibi zetu walipotusimulia habari za Sungura kando ya moto hawakuwa na kompyuta. Lakini mtoto akiuliza, "Bibi, alitokaje mle shimoni?" bibi alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa ndiyo hadithi. Picha hii haina majibu. Mathalani, kundi kubwa la nyumbu wa mbugani lavunja mji wa Boma. Boma ni karibu na mahali mto Kongo unapoingia baharini. Nyumbu wale hukaa katika mbuga za nyasi, kama zile za Serengeti huko Tanzania. Walipitia njia gani? Kijiji cha rafiki zake Tarzan chasemekana ni cha Wakuba. Wakuba ni watu wa Kasai, mbali sana na pwani. Na lile gari moshi lililobeba watumwa na pembe za ndovu! Reli ya kutoka Matadi kwenda Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, ilianza kujengwa mwaka huo huo wa 1890, ikafika mwaka 1898, na watu wengi walikufa katika kuijenga. Watengenezaji wa sinema walilitaka gari moshi ili Tarzan aruke juu yake, wakaliweka. Waliozikwa kando ya reli hawakuwekwa.

Pana mahali pamoja ambapo hadithi ilitaka kuamka. Mbonga, aliyeigizwa na Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin, ana sababu ya chuki yake. Mwanawe aliuawa na Tarzan, naye Tarzan aliua kwa kuwa kijana yule alimwua sokwe aliyemlea kama mama. Watu wawili wasimama pale, kila mmoja na maiti yake moyoni, na Mbonga alia kwamba mwanawe alikuwa mtoto tu. Kibanda chetu kilinyamaza. Hata mfasiri alinyamaza. Ningalikubali kuwakosa simba wote na nyumbu wote ili wale wawili waendelee kusemezana. Haikupita dakika nyingi, masokwe wakashuka mlimani, vita vikaanza tena.

Neno moja juu ya rozari, maana akina mama kadhaa wameniuliza. Katika picha hii Rom hubeba rozari mkononi siku zote, iliyosokotwa kwa nyuzi za buibui wa Madagascar, naye huitumia kuwanyonga watu. Wengine waliona hilo ni tusi kwa dini. Mimi sikuona hivyo. Wako waliokuja nchi hii na msalaba mkono mmoja na kiboko mkono wa pili, na kulisema hilo si tusi. Kosa ninaloliona mimi ni lingine. Rozari ile ni mapambo tu. Mtu huyu alisali kweli? Alijidanganya? Alimwogopa Mungu usiku? Hapana aliyetuambia. Walitaka silaha ya ajabu ipendezayo macho, wakaipata.

Juu ya mamba, sisi wa Uvira tuna haki ya kusema. Tarzan aiga sauti ya mamba wanapotafutana, nao waja wengi kumla adui yake. Watu wa Kavimvira na wa Gatumba, waishio karibu na mdomo wa Rusizi, wacheke wapendavyo. Mamba wetu haitiki. Wasomaji wote wamesikia habari za yule mkubwa aliyepewa jina la Gustave na Mfaransa Patrice Faye, aliyekaa Burundi miaka mingi. Inakisiwa kwamba urefu wake ulipita mita 6, lakini hapana aliyempima. Faye na wenzake walimtegea mtego wa chuma mkubwa kama nyumba, wakaweka chambo, na Gustave hakuingia. Wamarekani wakatengeneza picha juu yake pia, yaitwa Primeval, iliyotoka mwaka 2007, tena waliipigia Afrika ya Kusini. Hiyo haina hata uzuri wa kutazama. Walakini ilikuwa na wazo moja la kweli ndani yake: kwamba mamba yule alizoea nyama ya watu kwa sababu ya maiti zilizotupwa mtoni wakati wa vita. Waliokaa kandokando ya Rusizi miaka ile baada ya 1993 hawahitaji sinema kuwaeleza jambo hilo. Wazo lile lilisemwa, likapita, na mbio zikaendelea.

Sasa nirudi Kalundu. Rom alipoingia kinywani mwa mamba, mfasiri wetu aliruka juu akapaza sauti, "Kongo imekuwa huru! Leopold amekwisha!" Watu walipiga makofi, watoto wakakumbatiana. Mimi pia mikono yangu ilikuwa imeinuka. Hapo nikakumbuka kwamba kwa muda wote wa picha kijana yule hakulitaja jina la Williams hata mara moja. Alimwita "yule rafiki mweusi wa Tarzan." Simlaumu sana. Alifasiri alichokiona, na picha yenyewe imemfanya Williams, aliyeigizwa na Samuel L. Jackson, kuwa mtu wa kuchekesha, ahemaye nyuma ya shujaa, asiyeweza kupanda mti.

Basi, wanafunzi, sikilizeni. Tarzan hakuwako duniani. Alibuniwa na Edgar Rice Burroughs, mwenyeji wa Chicago, katika hadithi iliyotoka gazetini mwaka 1912. Burroughs hakufika Afrika. Katika hadithi ile ya kwanza aliweka hata chui wa milia wa Bara Hindi ndani ya msitu wetu, na alipoiweka katika kitabu ilimpasa kumwondoa. Lakini yule anayehema nyuma yake alikuwako. George Washington Williams alizaliwa Pennsylvania mwaka 1849. Akiwa bado kijana mdogo alipigana katika vita vya Marekani vilivyokomesha utumwa huko. Akawa mchungaji wa Kibaptisti, akachaguliwa katika baraza la kutunga sheria la Ohio, akaandika kitabu kikubwa cha historia ya watu weusi wa Marekani. Mwaka 1889 alizungumza na Leopold mwenyewe, akamwona kuwa mtu mwema. Mwaka uliofuata akaja Kongo ili ajionee.

Alipanda mto mpaka Stanley Falls, ambapo leo ni Kisangani, na huko, tarehe 18 Julai 1890, akamwandikia Mfalme barua ya wazi. Alieleza jinsi watemi walivyodanganywa ili watie alama kwenye mikataba ya kutoa nchi yao. Alieleza juu ya watu waliofungwa minyororo, juu ya askari waliojilisha kwa kunyang'anya vijiji, juu ya serikali iliyojidai kuupinga utumwa nayo inanunua watumwa. Hakuwa na simba wala masokwe wa kumsaidia. Alikuwa na karatasi, wino, na kifua kilichokwisha kuugua.

Ni kweli, mwishoni mwa picha Williams aonekana akimpelekea waziri mkuu wa Uingereza barua yake. Hilo nawashukuru. Lakini yaonyeshwa kana kwamba barua ilifika na jambo likamalizika. Kwa kweli barua ile ilipochapwa, magazeti ya Brussels yalianza kuuliza Williams ni nani hata aseme hivyo. Alikufa Blackpool, Uingereza, tarehe 2 Agosti 1891, kwa kifua kikuu, mwenye miaka 41. Kaburi lake lilikaa bila jiwe lenye jina mpaka mwaka 1975. Dola ya Leopold iliendelea mpaka mwaka 1908, na miaka ile 17 baada ya kifo cha Williams ndiyo iliyokuwa na mpira, na mikono iliyokatwa. Naye Rom hakuliwa na mamba. Habari za mwaka 1895 zasema kwamba huko Stanley Falls bustani yake ya maua ilizungushiwa vichwa vya watu 21. Baadaye aliandika kitabu juu ya Waafrika, akafa mwaka 1924.

Fikirini sinema ambayo ingalimfuata mtu huyu mgonjwa ndani ya mashua, akiuliza maswali kijiji kwa kijiji, akijua kwamba mfalme aliyemheshimu amemdanganya. Mto ule ule, ukungu ule ule, mafundi wale wale wa Leavesden. Fedha zilikuwako. Kisa kilikuwa mikononi mwao, wakakiweka nyuma ya mtu asiyekuwako.

Mama yule aliponiuliza, nilimwambia amlete mtoto nyumbani. Alikuja jioni, kijana wa darasa la sita, amevaa shati safi, ameogopa kidogo maana alidhani ataadhibiwa kwa kwenda kwenye video. Mke wangu alimpa chai na mihogo. Nilimweleza haya niliyowaeleza ninyi, naye alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Mwalimu, kama hakuwa Tarzan, nani basi aliyewafungua watu wa hapa Uvira?"

Nikamwambia kwamba mwaka ule wa 1890 huku kwetu mkono wa Leopold ulikuwa bado haujashika. Aliyekuwa na nguvu kaskazini mwa ziwa ni Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, aliyekaa Ujiji na kuwa na watu wake Uvira. Watumwa walivushwa ziwa kwa mitumbwi kuelekea Ujiji na Tabora. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee huwaita Mapadri Weupe, walikuwa Mulwewa, katika Masanze, tangu 1880, na Kibanga tangu 1883. Waliwakomboa baadhi ya watoto kwa vitambaa na shanga, wachache tu katika wengi. Rumaliza alishindwa na askari wa Leopold mapema mwaka 1894. Lakini askari hao ndio walioleta kazi za nguvu na kiboko, na mwaka 1897 askari Waafrika wa jeshi hilo hilo waliasi, na vita vyao vikafika mpaka pande zetu hizi.

"Basi hakuna mtu mmoja," alisema.

"Hakuna."

Alinyamaza, akatafuna mhogo. Halafu akauliza kama Mfalme Leopold alimjibu Williams alipokuja Kongo. Nikamwambia kwamba Leopold hakuja Kongo hata siku moja. Aliitawala kutoka Ubelgiji mpaka alipoiachia serikali ya nchi yake, akafa mwaka 1909. Jambo hili lilimshangaza kuliko yote. Alitaka nimwandikie jina la Williams kwenye daftari lake, pamoja na tarehe ile ya barua, nami nikaandika. Alilisoma kwa sauti mara mbili, akijaribu kulitamka vizuri.

Mlangoni aligeuka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama picha ile ninayo, maana angependa kuiona tena, hasa mahali pale pa simba.